Kitita cha Nne

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, mimi ambaye sasa sina pa kuwahi. Nawashukuru, nimeitundika jikoni na inagonga vizuri. Halafu mmoja wenu, sitamtaja, akaniomba niandike mafanikio yangu katika taaluma. Mafanikio yangu yako kwenye faili pale kituoni, mkitaka kayasomeni, mtasinzia. Mimi nitawaandikia ninayoyakumbuka kuhusu kusoma riwaya na kuiandikia uhakiki, kazi ambayo mama yangu mzazi mpaka anafariki hakuamini kwamba mtu analipwa kwa kuifanya.

Niliingia chuo kikuu nikiwa mtu mzima. Nilikuwa nimefundisha shule za msingi kwetu huku, Kahama na vijiji vya kuelekea Runzewe, nikiwa na mapacha, Kulwa na Doto, na jina la Mama Kulwa lilishanizoea kuliko la Minza. Darasani nilikaa na vijana walionipa shikamoo kwa adabu zote kisha wakawahi viti vya mbele. Mwalimu wetu wa riwaya aliitwa Tamimu, mtu wa pwani, mwembamba, msemaji wa taratibu. Alitupa riwaya moja tuisome, akataka insha.

Niliiandika ile insha kwa nguvu zangu zote. Katika riwaya hiyo kulikuwa na mwanamke aliyemtoroka mumewe. Nilimshika huyo mwanamke nikamchambua kuanzia utosini mpaka kwenye kucha, nikaonyesha alipokosea, nikamalizia kwamba yaliyompata aliyataka mwenyewe. Msinicheke. Kwetu habari ya mtu husemwa mbele ya watu, wazee wanasikiliza, na mwisho lazima apatikane mwenye kosa, ndipo watu warudi makwao. Mimi nilidhani kitabu nacho ni hivyo hivyo. Insha yangu ilirudi na maneno machache ya wino mwekundu: "Umehukumu. Niliomba uhakiki."

Nilimfuata ofisini nikiwa nimevimba.

"Kaa, Bi Minza," akasema. "Huyu mwanamke ni jirani yako?"

"Hapana, mwalimu."

"Aliazima chungu chako hajarudisha?"

"Hapana."

"Sasa hasira yote hii ya nini? Aliyemtorosha ni mwandishi. Kamuulize yeye. Kwa nini amemtorosha mwanzoni, asisubiri mwisho? Kwa nini muda wote tunamwona kwa macho ya mumewe, hata mara moja hatumsikii akisema mwenyewe?"

Nilikuwa nimeisoma riwaya nzima bila kugundua kwamba yule mwanamke hasemi. Kuanzia siku hiyo nikawa mtu wa Mwalimu Tamimu. Alinifundisha kusoma mara ya kwanza mikono mitupu, bila penseli, kama mgeni aliyekaribishwa chakula. Mara ya pili ndipo unaruhusiwa kuingia jikoni kuona kilivyopikwa. Alikuwa akikuta mwanafunzi anapigia mistari kitabu ambacho hajakimaliza, anamnyang'anya penseli. Mimi alininyang'anya mara nyingi, na hakuna hata moja aliyoirudisha.

Nilipomaliza nikarudishwa huku Shinyanga. Chuo kilikuwa kimefungua kituo cha watu wazima wanaofanya kazi, wasome Jumamosi, kisha wafanye mtihani wa kuingia chuo kikuu. Kituo ni neno kubwa. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa la Bwana Kanji, baina ya marobota ya khanga na mikebe ya mafuta ya taa. Bwana Kanji hakutoza kodi. Alisema anapenda kusikia watu wakibishana juu ya kitu kisichouzwa.

Ule ulikuwa wakati wa shida ya kila kitu. Sukari kwa foleni, sabuni kwa kujuana, na vitabu ndiyo msiseme. Riwaya iliyowekwa kwenye mtihani nililetewa nakala moja. Moja, kwa darasa la watu saba. Nilikaa nayo mapajani nikaitazama, nikamtazama Bwana Kanji, nikasema, "Naomba wembe."

"Wembe wa nini, Mama Mwalimu?"

"Nataka kukikata."

Yule mzee alikichukua kitabu kwa mikono miwili, akakigusisha kwenye paji lake la uso kukiomba radhi, akafumba macho kidogo. Ndipo akanipa wembe, na juu yake akaniongezea sindano ya kushonea magunia na kidonge cha uzi. Nilikikata vitita saba, kila kimoja sura chache. Nikavishona, nikavivika majalada ya karatasi za mifuko ya saruji kwa gundi ya unga wa muhogo. Nawaonya kuhusu gundi hiyo: mende wanaipenda kuliko ninyi mnavyopenda riwaya.

Utaratibu ulikuwa huu. Kila mwanafunzi anapewa kitita kimoja, Jumamosi inayofuata wanabadilishana, na ni mwiko kumsimulia mwenzako ambacho hajakifikia. Kwa hiyo wengine walianza hadithi katikati, na mmoja, Maganga wa reli, alianzia mwishoni kabisa. Sikuwa na jinsi. Lakini nikaja kuona kwamba wembe ule umenifundishia somo ambalo mimi kwa mdomo wangu nisingeliweza.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Mama anamwacha mtoto wake mdogo kwa bibi yake, anaondoka bila kuaga. Hayo yamo katika kitita cha kwanza. Mtoto anakua kwa tabu. Katika kitita cha nne ndipo tunaambiwa kwamba yule mama alikuwa ameonekana na ukoma, akaondoka ili mwanawe asije akatengwa na watu pamoja naye. Katika cha saba mtoto, sasa mtu mzima, anasimama kwenye kaburi la mama yake na analia.

Basi Jumamosi ya kwanza nikawauliza: mnamwonaje huyu mama? Veronika, muuguzi wa hospitali, aliyekuwa na kitita cha kwanza, alisema hamsamehi hata aje na malaika. Maganga, aliyetoka kwenye kaburi, akamjia juu, akasema huyo ni mama kuliko mama wote. Walibishana mpaka wateja wa Bwana Kanji wakaja mlangoni kutazama, wakidhani mke na mume wanagombana. Nikawaachia. Walipochoka nikawaambia, "Mnaongea juu ya mtu mmoja. Kilichotofautiana ni lini kila mmoja wenu aliambiwa. Sasa fikirini: mwandishi amewaambia lini, na amechagua kuwaambia hapo kwa sababu gani?" Kulikuwa na ukimya mtamu. Mwalimu yeyote anaujua ukimya huo, na anaishi kwa ajili yake.

Mwenye kitita cha nne alikuwa Luhende. Huyu mnamjua, na nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika. Akasema, "Andika, mwalimu, ila usinitie chumvi." Wakati huo alikuwa mpima pamba kwenye chama cha msingi cha ushirika, kijana mrefu, mtaratibu, msomaji bora kuliko wote niliowahi kuwashika mkono. Katika ubishi ule hakusema neno. Jumamosi iliyofuata, wenzake walipobadilishana, aliomba abaki na kitita chake wiki moja zaidi. Iliyofuata akaomba tena. Ya tatu hakuja, na mtihani ulikuwa umekaribia.

"Nilimwona stendi," Bwana Kanji akaniambia. "Amepanda basi la Kahama. Ana kifurushi cha karatasi ya saruji kifuani."

Niliulizia kazini kwake. Wakasema ameenda kuchimba dhahabu Geita, machimbo ya jirani na Katoro. Nilishapoteza wanafunzi wazuri kwa machimbo. Wanakwenda kwa mwezi mmoja na hawarudi. Tena kijana huyu hakuwa na nafasi nyingine. Mtihani ule usipoufanya mwaka huo, kazini hawakupi ruhusa tena. Wenzake nao walihitaji kitita, maana bila hicho yule mama anabaki ameondoka bure. Nikawaaga watoto wangu, nikapanda basi hadi Kahama, nikalala kwa shangazi, na kesho yake nikabebwa na lori la mchele lililokuwa likipitia Runzewe kwenda Katoro. Nilikaa juu ya magunia njia nzima. Msomi wa chuo kikuu, nywele nyekundu kwa vumbi.

Asubuhi ya pili nilifika machimboni kwa miguu. Vibanda vya nyasi, maturubai, na mashimo yao wanayoyaita maduara, huku mtu anatokea ardhini kichwa kwanza. Nikamkuta kijana anasukutua mdomo. Tukaamkiana mwangaluka, nikamwambia namtafuta Luhende.

"Luhende hatuna, mayu," akasema. Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma. "Tuna Mama Luhende tu, yule anayetupikia. Labda yeye anajua mwanawe aliko."

Nilidhani jina limegongana. Akanielekeza, nikaenda mpaka kwenye kibanda chenye mafiga matatu na sufuria kubwa. Mwanamke wa makamo, kitambaa cheupe kichwani, anapakua. Na kwenye gogo, sahani mapajani, amekaa Luhende wangu. Aliponiona akasimama ghafla.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Lu..."

"Naitwa Masanja hapa," akasema upesi, kwa sauti ya chini. Macho yake yalinisihi. Nikalimeza jina.

Akanipeleka kando, tukakaa nyuma ya rundo la mawe. Akanieleza. Mama yake alimwacha kwa bibi yake, mama wa baba, akiwa bado hajang'oka meno ya utoto. Hakuna aliyewahi kumwambia sababu. Akiuliza, watu wanaangalia pembeni. Ndiyo maana kitita kile alishindwa kukitoa mkononi. Kisha siku moja mchimbaji mmoja alileta pamba ya mzee wake ipimwe, akamsikia Luhende akiitwa jina lake, akasema, hilo ni kama jina la mtoto wa mama mmoja anayetupikia Geita.

Hapo niliinamisha kichwa. Nyinyi nyote mnajua mama huitwa kwa jina la mtoto, hatufikirii hata kidogo tunapolitamka. Lakini mtu akihamia mahali wasipomjua, nani anawaambia wamwite nani? Ni yeye mwenyewe. Mwanamke huyu aliondoka bila mtoto, akafika kwa wageni ambao wasingelijua chochote, akawaambia yeye ni Mama Luhende.

"Na umemuuliza?" nikasema.

"Bado. Nakula kwake kila siku. Nimetaja jina la uongo ili nipate kumtazama kwanza."

"Unaogopa atakukana?"

Alikitoa kitita ndani ya shati. Kilikuwa kimelegea kama kitambaa. "Mwalimu, huyu wa kitabuni ana sababu. Nimeisoma mpaka nimeihifadhi. Huyu wangu je, kama hana?"

Nilitafuta jibu katika yote niliyofundishwa. Dhamira, msuko, usimulizi, vyote vilikuwepo na hakuna kilichonisaidia. Nikamwambia ukweli. "Sijui, mwanangu." Nikamshika bega tukakaa hivyo. Nilikuwa nimekuja kumrudisha kwenye mtihani, lakini niliona wazi kwamba bila jibu hilo hataondoka pale, na hata akiondoka hataandika kitu.

Tukarudi kwenye kibanda. Wachimbaji walikuwa wamekula wakaenda zao. Mama Luhende alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua choroko, akanikaribisha, akanipa chakula. Niligundua jambo. Sahani yangu mimi mgeni ilikuwa na vipande viwili vya nyama. Ile ya Masanja, aliyeiacha nusu, ilikuwa bado na vinne.

"Mwalimu," akaniuliza kwa Kisukuma, "huyu kijana wako kila akimaliza kula anasoma karatasi hizo. Zinasema nini?"

"Mwambie akusomee," nikasema.

Luhende alinitupia jicho ambalo sijalisahau. Lakini akakaa chini. Akaanza kusoma, sentensi kwa Kiswahili, kisha anaigeuza kwa Kisukuma, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe. Akasoma jinsi mama yule alivyoliona doa mkononi. Akasoma jinsi alivyomlaza mtoto, akafunga mlango, akatembea bila kugeuka ili miguu isimsaliti. Mama Luhende hakuinua uso hata mara moja. Vidole vyake viliendelea kutoa mawe kwenye choroko. Luhende akamaliza, akakunja karatasi.

Kisha mwanamke akasema, macho yakiwa kwenye ungo, "Luhende. Wewe nani alikuwa anakupikia?"

Kijana akakirudisha kitita ndani ya shati.

"Bibi," akasema. "Alikuwa anaunguza ugali."

"Mama mkwe moto hakuuweza," akasema mama yake, na akatabasamu kidogo, machozi yakimdondokea kwenye choroko. "Nilikujua siku ya kwanza. Unavyoshika tonge ni baba yako mtupu. Nikasema, akitaka kuitwa Masanja nitamwita Masanja, mradi anakula."

"Kwa nini uliondoka, mayu?"

Aliuweka ungo chini. "Huyo wa karatasi zako alikuwa mgonjwa. Mimi sikuwa mgonjwa. Baba yako alikuwa amekufa, lakini hawakunifukuza, wala hakuna aliyenipiga. Nilikuwa msichana, nimechoka. Lori lilikuwa limesimama barabarani, nikapanda. Nikajiambia nitarudi baada ya mavuno. Mavuno yakapita, nikaona aibu. Mwaka wa pili aibu ikawa kubwa zaidi, na kila mwaka ikazidi kukua. Sina sababu nyingine ya kukupa. Ningekuwa nayo ningekupa."

Mimi nililia, siwafichi. Luhende hakulia. Aliinuka, akaichukua sahani yake iliyopoa, akarudi kukaa karibu zaidi na mama yake, akala vile vipande vinne vyote. Mama yake akamtazama akila, kipande baada ya kipande.

Alikaa kwake siku chache, kisha akarudi Shinyanga, akanikabidhi kitita kikiwa na doa kubwa la mafuta. Wenzake wakakisoma. Veronika alimsamehe yule mama wa kitabuni papo hapo, akajifuta macho, akasema kumbe alikuwa na sababu. Luhende akamsikiliza, akatikisa kichwa taratibu. "Hapo ndipo mwandishi anaponitia shaka," akasema.

Mtihani ulitaka mwanafunzi ahakiki mhusika mmoja. Luhende alimwandika huyo mama. Alisema ukoma wa kitita cha nne ni sababu nzuri mno. Mwandishi ameuleta kwa sababu aliogopa kwamba bila huo hatutampenda mwanamke huyu, hivyo amemsafisha kwanza ndipo akatupa tumpokee. Riwaya ingekuwa kubwa zaidi, aliandika, kama ingethubutu kumwacha aondoke bila sababu ya kutosha na bado itutake tukae naye mezani. Katika insha nzima hakumhukumu yule mama, na hakumtetea pia. Nilipoisoma baadaye nikakumbuka ule wino mwekundu kwenye karatasi yangu, na nikaona jinsi mimi nilivyochukua muda mrefu kufika mahali ambapo huyu amefika kwa basi la Kahama.

Msahihishaji alikuwa Mwalimu Tamimu, amezeeka. Nilipokwenda pwani kikazi aliniita ofisini.

"Huyu kijana wa Shinyanga umemfundisha wewe?"

"Hapana, mwalimu. Mimi nilikata kitabu tu."

Alicheka, akafungua droo, akanipa penseli. Sijui kama ni mojawapo ya zile zangu, sikumuuliza.

Luhende akaingia chuo kikuu, akasoma riwaya mpaka wakambakiza afundishe. Nyinyi mlioajiriwa hivi karibuni mmemkuta anakuja na kitambulisho na miwani, mnamwogopa bure. Kitabu kile nilikishona upya vitita vyote saba, kiko kwenye kabati la kituo, rafu ya chini. Msije mkanunua nakala mpya mkakitupa. Na lile doa la mafuta liacheni lilivyo.

Nimalizie na siku aliyokuja kutoa mhadhara wake wa kwanza hapa kituoni. Hatukuwa tena nyuma ya duka, tulikuwa na ukumbi, na Bwana Kanji alikuwa amekaa mstari wa mbele na fimbo yake. Nilisimama mlangoni kupokea wageni. Akaja mama mmoja, kitambaa cheupe kichwani, kapu la michembe ya viazi vitamu mkononi, amesafiri kutoka Geita. Karani wetu kijana, mwenye bidii zake, alikuwa anaandika majina.

"Jina, mama?"

"Mama Luhende."

"Hilo ni la mtoto, mama. Naomba lako, lile ulilopewa ulipozaliwa."

Akamtazama yule karani kwa upole, akahamishia kapu mkono wa pili. Ndani ya ukumbi mwanawe alikuwa ameshaanza kuzungumza, sauti inafika mpaka mlangoni.

"Andika hilo hilo," akasema. "Hilo lingine sijalitumia tangu nilipomwacha."